Kitabu Alichosomewa Baba Agnela

Sura ya kumi na nne Philemoni aliisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza Elisaria alikuwa akikamua ng'ombe na maziwa yalipiga kelele ndooni.

"Nirudie pale anapobisha hodi?" Philemoni aliuliza.

Elisaria alipunguza kasi ya kukamua. Philemoni akarudia.

Kilikuwa kitabu cha visasi, cha karatasi duni, jalada limechanika kona. Mhusika wake ni fundi saa wa mjini. Mchana anatengeneza saa za watu; akishafunga kibanda anawafuata wauaji walioachiwa na mahakama, mmoja baada ya mwingine. Hana haraka. Subira huvuta heri, hata kama heri yenyewe ni maiti. Polisi wanamtafuta, na msomaji anamwomba Mungu wasimpate. Hata mzee wa kanisa akikishika kitabu kile, kengele ya ibada itamkuta ukurasa wa mia.

Philemoni alikinunua kwa muuza vitabu vya mtumba, akakimaliza kwa siku mbili, kisha akaanza kukileta kijijini Kikwe, kwa Elisaria. Kila Jumamosi mchana alifunga duka lake la mbegu kule Themi, akachukua bodaboda, akashuka kwenye mfereji na kumalizia kwa miguu. Gari alishaliuza. Macho ya Elisaria hayakuyaweza tena maandishi madogo, kwa hiyo Philemoni alimsomea. Sabina, mke wa Elisaria, akimwona tu getini alibeba jembe akaenda shamba la mbali. Hakuna aliyemlaumu, si kila mtu anapenda habari za damu.

Agnela, binti wa Elisaria, alikuwa na miaka kumi na mmoja. Pikapu ilimgonga saa sita mchana, jua linawaka, naye amevaa sare ya shule, pembeni kabisa mwa barabara. Dereva alikuwa amelewa na kijiji kizima kilijua. Lakini karatasi ya vipimo ilipotea, shahidi akahama, mahakama ikamwachia dereva aende zake.

Philemoni alikuwepo siku ile. Alisikia kila neno la hukumu, akatoka nje, akasimama juani, na moyoni mwake hakukuwa na kitu. Alidhani ni mshtuko, utapita. Haukupita. Mwezi wa tatu alimzika shangazi yake aliyemlea, bila chozi, huku ndugu wakimtazama. Moyo ulikufa ganzi kama mguu uliokaliwa vibaya. Ni pale tu Fundi aliponyanyua mkono abishe mlango wa mkosaji, ndipo kitu kilipomgusa kidogo kifuani. Hicho ndicho alichokifuata kitabuni, na alikifuata kila siku.

"Unajua ninachompendea Fundi?" alisema. "Hamwachi mtu akisubiri milele."

Elisaria alisogeza ndoo kwa mguu. "Hao anaowaua, wanajua anakuja?"

"Wengine wanajua."

"Wanakimbia?"

"Mmoja tu. Yule wa sura ya tisa alimfungulia mlango mwenyewe."

Elisaria aliitikia kwa kichwa, akaendelea kukamua. Philemoni aliweka kidole katikati ya kurasa, akakifunga kitabu. Alikuwa amechoka kuzungukazunguka.

"Baba Agnela, yule dereva huwa peke yake asubuhi, saa moja mpaka saa mbili. Mlango wa nyuma hauna komeo."

"Uliniambia Jumamosi iliyopita."

"Nakukumbusha."

"Analala usiku?"

"Halali."

"Kanisani anakwenda?"

"Anakwenda. Anakaa nyuma."

"Unamjua sana," Elisaria alisema.

"Namjua."

Ilibaki sura moja. Philemoni aliisoma polepole, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Fundi alimfikia wa mwisho wao, akamaliza kazi, akanawa mikono, akarudi kibandani kumtengenezea bibi mmoja saa ya ukutani. Basi. Ng'ombe alipiga mkia. Wingu lilikuwa limeshafunika kilele cha Meru na upepo ulianza kuwa wa baridi.

"Imeisha?" Elisaria aliuliza.

"Imeisha. Aliwafikia wote." Philemoni alikiweka kitabu juu ya gogo. "Wewe ni baba. Mtu amemuua mwanao na bado anapumua. Panga unalo. Hata polisi watakuonea huruma. Sasa unangoja nini?"

Elisaria alisimama, magoti yakamlalamikia. Alifunika ndoo kwa kitambaa, akajifuta mikono kwenye suruali, bila haraka.

"Huyo Fundi wako hakuletewa sale," alisema. "Sisi tunaletewa. Mkosaji akikuletea lile jani la kuomba msamaha mbele ya wazee, hukatai. Na ukishalipokea, humgusi. Akija kwako humfungii geti, akisema unamsikiliza. Nikivunja hilo, laana inawafuata hawa watoto wawili nilionao."

"Na kama mwenyewe ndiye anayetaka?" Philemoni aliuliza. "Kama anakuja kukuomba, kila wiki, umalize?"

Elisaria alimtazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya Jumamosi zote zile.

"Ulipiga magoti hapa hapa, Philemoni, ukanipa lile jani kwa mkono wako, nikalipokea," alisema, akanyanyua ndoo yake. "Jumamosi ijayo njoo na kitabu kingine."