Pikapu Yenye Masikio

Ngumi ya kwanza ilimpata mpiga gitaa mdomoni. Ya pili ikamtupa juu ya rundo la spika mbovu. Hakuinua mkono hata kujikinga. Alibaki sakafuni katikati ya skrubu zilizomwagika, akatema damu na kipande cha jino, kisha akasema:

“Ukimaliza, kaka, nimekuja kuchagua pikapu.”

Fundi aliduwaa, ngumi bado imekunjwa. Karakana yake ya redio na magitaa ilitazamana na nyumba ya mama yao, ua mmoja tu katikati. Huko ndani mama alikuwa kalala mwaka wa pili sasa, kiharusi kimemnyang'anya miguu na ulimi. Aliyeishi naye ni huyu mpiga gitaa, mdogo wake fundi, kapera. Na kwa wiki tano mwili wa mama ulikuwa ukiota madoa meusi: kwanza mkononi, kisha pajani, juzi mbavuni.

Aliyeyaona ni mke wa fundi, ambaye hupita kila siku kumjulia hali mgonjwa.

“Mimi simtaji mtu,” alimwambia mumewe huku akimmiminia chai. “Ila nyumba ile ina watu wawili tu, na mmoja hawezi hata kujigeuza.”

Tangu hapo fundi alikuwa ameshampiga mdogo wake mara mbili. Mara ya kwanza kwa mkanda. Mara ya pili kwa bomba la maji, hadi kidole kimoja cha mkono wa kushoto kikapinda na kubaki hivyo. Siku hiyo kijana alianza kusema, “Ukitaka kujua ni nani, kaka…” lakini bomba halikumsubiri amalize.

Leo ilikuwa ya tatu.

“Pikapu ya nini?” fundi aliuliza, akihema.

“Ya gitaa langu. Ile ya zamani imeungua.”

Hakumaanisha gari. Pikapu ni kile kidude cha sumaku na waya mwembamba kinachokaa chini ya nyuzi, kinanasa mlio na kuupeleka kwenye spika. Na gitaa lenyewe si la kubeba kifuani: ni lile la chuma linalosimama kwa miguu minne kama meza, nyuzi kumi juu, pedali chini.

Ugomvi ni ugomvi na kazi ni kazi. Fundi alifungua droo, akatoa pikapu tatu, akazipanga juu ya meza bila kumtazama mtu usoni.

“Hii mlio wake mwembamba, safi. Hii mzito, inafaa nyimbo za taratibu. Hii ya tatu mbovu, nilitaka kuitupa. Waya wake haukuchovywa kwenye nta, umelegea. Ukikohoa kando yake, na spika inakohoa. Ina masikio kuliko jirani.”

“Na mtu akigonga mguu wa gitaa?”

“Utadhani kuna anayebisha hodi.”

“Nifungie hiyo.”

“Nimekwambia mbovu.”

“Nimesikia, kaka. Hiyo hiyo.”

Fundi alimtazama ule mdomo uliofura, akajiambia kipigo kimefika kwenye ubongo. Kijana akalileta gitaa kutoka ng'ambo ya ua, fundi akaifunga kwa hasira. Kwenye skrubu ya mwisho bisibisi iliteleza, ikachana kiganja cha mdogo wake aliyekuwa akishikilia gitaa. Fundi hakuomba radhi. Alimtupia tambara la kupangusia grisi, basi.

Kesho yake, saa tatu asubuhi, mpiga gitaa alirudi akivuta waya mrefu uliokuwa umekatiza ua mzima. Aliuchomeka kwenye spika kubwa ya karakana, akapandisha sauti hadi mwisho, akafunga mlango, akaketi kwenye stuli.

“Gitaa liko wapi?” fundi aliuliza.

“Linakokaa siku zote. Chumbani kwa mama, mguu wake umegusana na kitanda.”

“Na nani atapiga?”

“Sikiliza tu kama linavuma.”

Fundi aliokota nyundo mezani. “Umemwacha mama peke yake, umekuja kunichezea akili? Leo nakuua, na mama akifa kwa aibu yako nitawazika pamoja.”

“Keti, kaka. Usiposikia kitu, niue. Sitakimbia.”

Alisema hivyo bila kupandisha sauti. Fundi hakuketi, na nyundo hakuiweka chini.

Spika ilivuma kidogo. Ndani ya mvumo ule zikaja pumzi za mama, nzito, zenye mkwaruzo. Halafu bawaba za mlango zikalia, na nyayo zikakaribia.

Kikafuata kishindo cha kofi. Kitanda kiligonga mguu wa gitaa, nyuzi zote kumi zikalia zenyewe kwa pamoja, na katikati ya mlio huo mama akaguna, mguno wa mtu asiye na neno la kuomba msaada.

Nyundo ilipanda juu ya kichwa cha mdogo mtu kwa mazoea. Ikabaki hewani. Kijana alikuwa palepale kwenye stuli, mikono yote miwili juu ya magoti, kidole kimoja kimepinda, na machozi yakimtoka bila kuyafuta.

Kofi la pili likapasuka kwenye spika.

“Geuza na shavu la kushoto, mama mkwe,” ilisema sauti laini ya mwanamke, “mume wangu asije akadhani mdogo wake ameanza kukuonea huruma.”