Nakala ya Zamani

Katika kila nyumba, marehemu waliendelea kuzungumza kupitia seva ya jikoni. Baada ya mfumo kusasishwa, seva ya mume wa Bi Sikudhani iligoma kuwaka. Aliyafuata maandishi ya skrini kwa kidole, silabi kwa silabi: "Mfumo mpya umeshindwa kuanza. Rudisha nakala ya zamani?" Akabonyeza "Ndiyo".

Taa ikawaka.

"Mama Tunu," mumewe aliita, "umeunguza maharage tena?"

"Mchokozi wewe!" Alicheka huku akifuta machozi. "Nimekurudisha mwenyewe. Nimesoma maelezo!"

"Wewe, kusoma? Nani amekufundisha?"

Bi Sikudhani alikitazama kiti alichokalia kila jioni, akifundishwa na sauti hiyo hiyo.

"Bwana mmoja mvumilivu sana," alijibu kwa upole.

"Bwana gani huyo? Namjua?"