Kutoka Jikoni Mpaka Zizini

"Vingapi?"

Kisyeri alikuwa amesimama zizini, mkono juu. Scholastica, kwenye mlango wa jikoni, alikaza macho mpaka machozi yakamtoka. Aliona shati, au kitu cha rangi ya shati.

"Vitatu," alisema.

Kisyeri alikuja polepole, akamwonyesha alichokuwa amekishika. Lilikuwa gunzi la muhindi.

"Shemeji, tumekwisha."

Alikuwa na haki ya kuogopa. Kesi ya kuuawa kwa kaka yake, Waitara, ilikuwa inakaribia kusikilizwa, na shahidi wa macho alikuwa mmoja tu: mjane huyu asiyeweza kutofautisha vidole na gunzi. Aliwaambia polisi, na hajawahi kubadilisha neno, kwamba alisimama mlangoni pale kwenye mbalamwezi akamwona Maduhu, kibarua aliyekuwa akiwajengea uzio, akimkata mumewe kule zizini. Panga lenyewe lilikuwa la Maduhu. Jioni alizoea kuliegemeza kwenye ukuta wa jikoni, kesho yake aendelee na kazi.

Ugomvi nao ulikuwepo, kijiji kizima cha Kemambo kiliujua. Siku Waitara alipokuwa akimpiga mkewe uani, majirani wakichungulia kama kawaida yao, Maduhu, Msukuma aliyekuja huku kufuata dhahabu, ndiye aliyeruka uzio akamshika mkono. Kushikwa mkono na kibarua, tena mbele za watu! Waitara aliapa kwamba hayataishia pale. Kwa hiyo Maduhu alipokamatwa, hakuna aliyeshangaa, na hakuwa na ndugu huku wa kumsemea.

"Wakili wake atakupima mbele ya jaji," Kisyeri alisema. "Hata mimi ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo."

"Ninunulie miwani."

"Miwani mpya? Atakuuliza umeanza kuivaa lini. Shemeji, ulimwona au hukumwona?"

"Nilimwona."

"Basi macho yafanane na maneno."

Kisyeri aliuza fahali wawili. Majirani waliambiwa Scholastica anapelekwa kutibiwa kifua, kisha yeye na shemeji yake wakavuka mpaka pale Sirari na kupanda basi la Nairobi. Njia nzima Kisyeri alimbebea mfuko, akamnunulia ndizi, na baridi ilipozidi akamfunika kwa koti lake. Waitara hakuwahi kumfunika kwa kitu chochote. Scholastica alimhurumia shemeji yake.

Daktari wa macho alikuwa mama mmoja mnene, mchangamfu. Alimpima kwa mashine, akavuta kiti karibu.

"Mama, wacha nikuambie ukweli. Hii leza ni dakika kidogo tu, na hautasikia uchungu. Shida ni miaka yako. Sai unaweza kutunga uzi kwa sindano bila miwani?"

"Hata jioni."

"Unaona? Ya karibu iko poa sana. Sasa nikikupea ya mbali, ya karibu itaenda. Hata mchele hautachambua bila miwani. Huwezi pata zote mbili. Na ni wewe utaamua, si shemeji."

Akawaacha kwenye benchi la korido wafikirie. Kisyeri alifumba macho akaanza kuomba, midomo ikimcheza.

Lilikuwa neno moja tu. Akisema hapana, atashindwa mbele ya jaji, na hakuna atakayemlaumu mtu kwa macho aliyozaliwa nayo. Maduhu atarudi kwao Bariadi kwa mama yake. Halafu polisi watarudi Kemambo kuanza upya, nyumba kwa nyumba, mtu kwa mtu, na maswali yao yale yale. Akisema ndiyo, Maduhu atahukumiwa kunyongwa. Alikumbuka jinsi kijana yule alivyouruka uzio, kofia ikamdondoka, asirudi kuiokota. Scholastica aliogopa, akajichukia kwa kuogopa.

"Sikulazimishi, shemeji," Kisyeri alisema akifumbua macho. "Lakini usipomsemea kaka yangu, nani atamsemea?"

Scholastica alisimama, akajifunga khanga vizuri.

"Waambie wanikate."

Kesi ilisikilizwa Tarime, na wakili alifanya kile kile walichokitegemea. Alitembea hadi mlango wa nyuma wa ukumbi, akageuka, akainua mkono.

"Shahidi, vingapi?"

"Viwili. Na kimoja kina pete."

Watu waliguna. Wakili alirudi kukaa, akafunga jalada lake. Kisyeri alijifunika uso kwa viganja akalia, amefurahi, masikini. Kizimbani, Maduhu alikuwa amekonda. Alimtazama Scholastica bila hasira yoyote, kama mtu anayesubiri kukumbukwa. Scholastica aliyaona yote hayo, hata kifungo kilichokatika kwenye shati lake, na akatamani asingeyaona.

Kilichobaki kilikuwa kidogo. Karani alimletea panga alitambue. Lilipofika mbele ya uso wake, likawa ukungu mtupu.

"Lisogeze mbali kidogo," alimwomba.

Usiku ule kule zizini, likiwa mkononi mwake, aliliona vizuri kabisa, hadi ufa wa mpini na mpira wa baiskeli ambao Maduhu aliuzungushia hapo ili usimchubue mtu atakayelishika.