Koti la Tumsifu

Sheria ilikuwa moja kwa waendesha pikipiki wote wa Mbeya: huuziwi koti la mvua lenye kinga za mabega na viwiko mpaka liunganishwe na mtu atakayehisi ukianguka. Tumsifu alijaribu kadhaa, akachagua la kijivu, lisilopitisha maji hata kwenye mishono.

"Tuliunganishe na nani, dada?" muuzaji aliuliza.

Mumewe alishafariki, na ndugu zake walikuwa hawapokei simu. "Sina mtu," alisema.

"Basi tutakuunganisha na mwingine asiye na mtu. Makoti yenu yatahisiana, lakini hamtajuana majina."

Tangu hapo, kila mgeni yule alipopanda pikipiki yake, koti la Tumsifu lilipata joto. Akazoea kulivaa hata akipika, na kulisemesha. "Umetoka tena? Huko kunanyesha?"

Jumapili moja mchana, akikoroga maharage, koti lilimbana bega la kushoto kwa nguvu, kisha likapoa lote. Tumsifu alizima jiko, akawasha pikipiki, akatoka mbio hadi barabara kuu. Hapo akasimama. Hakujua ageukie upande gani.