Chakula cha Msiba wa Odell

Sherifu Crenshaw alikuwa anakula kuku wa msiba, mgongo ameuegemeza kwenye friji ya Verlene kana kwamba nyumba ni yake.

"Pole sana, Bi Verlene," alisema, akilamba kidole. "Odell alikuwa dereva mzuri. Lile daraja linamaliza watu."

Verlene aliendelea kusogeza mabakuli. Pikapu ya mumewe ilikuwa imetolewa mtoni alfajiri ya Jumamosi hiyo hiyo, Odell mwenyewe ndani, na kufika adhuhuri jiko halikuwa na pa kuweka sahani. Pinehatch ni mji mdogo wa Mississippi wenye kanisa kila kona. Mtu akifa huko, majirani huleta chakula kwanza, umbea baadaye, na kila bakuli limebandikwa jina la mwenyewe chini ili lirudi kwao.

Odell alikuwa askari wa jela iliyokuwa chini ya Sherifu, Verlene mpishi wa jela hiyo hiyo. Mwaka mzima walikuwa wakiona wafungwa wakipakiwa kwenye lori kwenda kumjengea Sherifu nyumba yake ya ziwani, bila malipo. Kijana mmoja akaanguka kutoka juu ya paa, akafa. Taarifa ikasema aliteleza bafuni. Mji ukanyamaza, maana mwenye nguvu mpishe.

Odell alichoka kupisha. Jumatatu alikuwa aende Jackson, mji mkuu wa jimbo, kusema mbele ya mahakama alichokiona. Sasa shahidi aliyebaki alikuwa Verlene peke yake.

"Jumatatu utakuwepo nyumbani?" Sherifu aliuliza. "Nataka nipite kukujulia hali."

Verlene aliweka chini bakuli alilolishika. Kajuaje Jumatatu? Simu, aliwaza. Wanasikiliza simu yetu.

"Niende wapi? Nina mume wa kuzika."

"Ndiyo hivyo. Mji huu unakupenda, Bi Verlene. Usije ukauudhi."

"Crenshaw, inatosha." Mchungaji Haskew alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma, kofia mkononi. "Umeshiba. Mwache mjane apumue."

"Natoa pole tu, Mchungaji."

"Umeshaitoa. Mlango unaujua."

Sherifu alicheka, akabeba kipande kingine cha kuku, akatoka. Verlene hakuwahi kuona mtu akimfukuza Crenshaw mahali popote. Machozi aliyoyazuia tangu alfajiri yakamtoka yote kwa pamoja.

"Sema unachotaka, dada," Mchungaji alimwambia taratibu.

"Nataka kusema alichotaka kusema Odell. Siku ile kijana alipoanguka nilikuwa pale ziwani, nimewapelekea wafungwa chakula. Nimeona kila kitu. Lakini gari langu wanalijua. Hata maili mbili sifiki."

"Langu hakuna anayelisimamisha. Vaa viatu, twende sasa hivi. Nitakufikisha Jackson mwenyewe."

"Naogopa, Mchungaji."

"Hata Odell aliogopa. Alinieleza yote Jumatano baada ya ibada, tukapiga magoti pamoja. Twende."

Verlene alijikaza kisabuni. Hakuaga mtu. Walipita uani katikati ya wanawake waliokuwa wakipanga viti, na hakuna aliyewauliza kitu, kwa sababu nani atamuuliza mchungaji anampeleka wapi mjane? Alipoketi kwenye kiti cha mbele na mlango ukafungwa, kwa mara ya kwanza siku hiyo alijiona yuko salama.

Gari lilikuwa linaanza kurudi nyuma Eunice, mke wa Mchungaji, alipotoka jikoni mbio, akapenyeza kifurushi cha moto dirishani.

"Hujatia kitu mdomoni tangu asubuhi, mwanangu. Kula njiani. Ni paja la nguruwe, lile la kukausha kwa chumvi."

"Asante, Mama Eunice. Umehangaika."

"Nihangaike nini. Lenyewe ndilo linalotaka subira, siku mbili nzima kwenye maji, la sivyo chumvi inakuchoma ulimi." Alimpapasa shavu, macho yamemjaa machozi. "Bahati Mchungaji alinikumbusha mapema. Alhamisi asubuhi aliniambia, 'Eunice, loweka paja, Jumamosi tutakuwa na msiba.'"

Mchungaji alipandisha kioo, akakanyaga mafuta.