Miezi Sita ya Mfupa

Mwajabu alikaa kwenye kiti cha daktari wa meno, kiganja kimeziba mdomo. Mumewe, Shomvi, alisimama pembeni akijibu kwa niaba yake.

"Alianguka bafuni," alisema Shomvi. "Meno mawili ya mbele. Tunataka ya kupandikiza. Inachukua muda gani?"

Daktari Nyamizi aliitazama picha ya taya kwa muda mrefu. Palikuwa na ufa wa zamani, ulioungana vibaya, ambao hakuna aliyeutaja.

"Upasuaji wenyewe ni saa moja na nusu," alisema. "Lakini skrubu ya kushikilia jino ikishaingia, mfupa unahitaji miezi sita kuishika. Ndipo tunaweka meno. Miezi yote hiyo mdomo wake usiguswe. Kofi moja tu, kila kitu kinang'oka."

"Nani amesema kofi?" aliuliza Shomvi.

Daktari aligeukia meza ya vifaa. Alivaa glavu. Shomvi aliutazama ukuta, midomo ikichezacheza kama mtu anayehesabu miezi.

Mwajabu aliondoa kiganja. "Daktari, hiyo saa moja na nusu, yeye atakuwa wapi?"

"Nje. Mlango nitaufunga kwa ndani."

"Basi anza sasa hivi. Na tafadhali, usiharakishe."

Shomvi alitoka taratibu, na daktari akasukuma komeo. Alipoinua sindano ya ganzi, Mwajabu alifungua mdomo wote bila kuambiwa. Kwenye kioo cha mlango kivuli cha mumewe kilikuwa bado kimesimama, karibu kabisa, hakisogei.