Sauti Ndani ya Diski

"Haki ya Mungu tena, nakala ninayo!" Mzee Mbaruku alimwapia mkewe, Bi Mwanaidi, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kufuta. Televisheni ilikataa kuisoma diski, na kuibadilisha mfumo wa faili kulitaka ifutwe yote. Humo ndimo ilimobaki sauti ya marehemu mama yake Bi Mwanaidi, akiwaimbia wajukuu.

"Hebu niisikie hiyo nakala," alisema Bi Mwanaidi.

Akaibofya kwenye kompyuta. Mama akaimba, akikohoa kidogo katikati.

"Umeolewa na fundi, mama Shani!"

"Sasa chomoa diski, fundi, ubofye tena."

Akachomoa huku akicheka. Akabofya. Kimya. Kompyuta ikaandika kwamba faili haipo. Kumbe alinakili njia za mkato tu, alama za kuielekeza kompyuta kwenye diski. Wimbo wenyewe haukuwahi kutoka kwenye diski.

Bi Mwanaidi hakugomba. Alimwondoa kitini, akaketi yeye, akaichomeka diski upya ili anakili wimbo wenyewe.

"Leo unapika wewe, baba Shani."

Jikoni, Mzee Mbaruku alishika kisu juu ya kitunguu bila kukata, masikio yote yakiwa sebuleni.